Kimya cha Wasikilizaji ni Amana

Watu mia tatu wanaponyamaza ili mmoja aseme, kimya kile ni cha nani? Ni cha msemaji aliyepanda mimbarini? Ni cha wale walionyamaza? Au ni cha Mwenyezi Mungu, ambaye mkutano ulifunguliwa kwa jina Lake? Huenda swali likaonekana la watu wenye nafasi ya kukaa na kufikiri, lakini mimi limenijia kazini, na kila wiki hunirudia.

Ninakodisha vyombo vya sauti. Makao yangu ni Kisauni, ila kazi hunivusha maji mpaka Likoni kwenye harusi na maulidi, Mtongwe kwenye darsa za usiku, Changamwe na Mikindani kwenye mikutano ya injili, na msimu wa uchaguzi ukifika, kwenye viwanja vya wanasiasa. Fundi wa vyombo hukaa pembeni, nyuma ya miksa, uso wake umewaelekea watu. Msemaji huona umati. Mimi humwona yule mama anayemhamisha mtoto kutoka goti hili hadi lile, kijana aliyechomoa simu chini ya kanzu, na mzee aliyefumba macho ilhali kichwa chake kinaitikia kila neno.

Jibu nililolifikia ni kwamba kimya kile ni amana. Wasikilizaji wamemkabidhi msemaji masikio yao, muda wao na sehemu ya nyoyo zao, kwa saa maalumu na kwa jambo maalumu. Aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuifanya amana kuwa mali yake, na aliyekabidhi ana haki ya kuuliza imetumikaje. Adabu zote za kunena na za kusikiliza, tunazofundishwa madrasani na makanisani tukiwa wadogo, zinatoka hapo. Nataka kulieleza jambo hili kwa upana, kwa sababu naona tunazishika adabu hizo kwa mkono mmoja: tunawafundisha watoto kunyamaza, lakini hatuwafundishi wasemaji kwamba wamebeba kitu cha watu.

Nianze na ufundi, maana una somo ndani yake. Msemaji akiona watu wameanza kunong'onezana, hunitazama na kuniashiria kwa kidole niongeze sauti. Wengi hawajui kwamba ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, kipimo hupanda desibeli tatu tu, na masikio ya watu hayahisi tofauti kubwa. Ili sauti isikike kuwa imekuwa maradufu, inatakiwa nguvu mara kumi: kutoka wati 100 hadi wati 1,000. Na kabla hujafika huko, maiki itaanza kuisikia spika yake yenyewe, sauti izunguke kati ya hivyo viwili, na uwanja mzima upigwe na ule mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Msemaji naye hupatwa na hali hiyohiyo anapoanza kujisikia mwenyewe kuliko anavyowasikia waliokaa mbele yake. Hapo vyombo vyangu havina msaada. Watu hawakuacha kusikiliza kwa sababu sauti ni ndogo. Waliacha kwa sababu wameona kile walichokabidhi kinachezewa.

Katika dini yangu, hakuna kimya kilichowekewa ulinzi mkali kama kimya cha khutba ya Ijumaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba hata mtu anayemwambia mwenzake anyamaze wakati imamu anakhutubu, naye amefanya upuuzi. Mafundisho hayo, aliyoyapokea Abu Huraira, yamo katika Bukhari na Muslim, na kila mtoto wa Kisauni aliyepita madrasa anayajua. Hukumu hiyo ni nzito. Mwenye kukataza kelele kwa maneno ameongeza kelele. Ukitaka kumnyamazisha aliye kando yako, unamwashiria kwa mkono au unamwachia Mungu wake.

Lakini Mtume huyohuyo aliyewafunga ndimi wasikilizaji alimfunga msemaji pia. Siku moja Ammar bin Yasir alikhutubu, akafupisha, na maneno yake yakawa na nguvu. Alipoteremka, watu wakamwambia kwamba laiti angerefusha kidogo. Akawajibu kwa mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume: kwamba mtu kurefusha sala yake na kufupisha khutba yake ni alama ya kwamba ameielewa dini. Naye Abdullah bin Mas'ud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akatamani awe anawawaidhi kila siku. Ibn Mas'ud akakataa, akasema anachelea kuwachosha, kama Mtume alivyochelea kuwachosha wao. Tazama ni nani wanaolalamika katika habari hizi mbili. Wasikilizaji wanaomba zaidi, na msemaji anakataa kuwapa. Sisi leo tumepindua: msemaji anaomba dakika tano za nyongeza kwa mara ya tatu, na wasikilizaji wanatazama saa ya ukutani.

Na asidhani mtu kwamba kusikilizwa ni haki inayokuja na cheo. Sura ya Jumu'a, katika aya yake ya mwisho, inataja tukio la msafara wa biashara kuingia Madina siku ya Ijumaa. Watu wengi wakatoka mbio kuuendea, wakamwacha Mtume amesimama. Qur'ani iliwalaumu watu wale. Ila mimi huisoma aya hiyo na kufikiria pia upande wa mimbari: ikiwa mbora wa wasemaji aliachwa amesimama, basi sheikh gani, mchungaji gani, mheshimiwa gani anaweza kusema kwamba watu ni wake?

Jambo linalonigusa zaidi katika habari za khutba za Mtume ni namna alivyowapokea waliomkatiza. Anas bin Malik ameeleza kwamba bedui mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa khutba ikiendelea, akasimama na kumwambia Mtume kwamba mifugo inaangamia na njia zimekatika, amwombe Mungu alete mvua. Mtume hakumwambia akae. Aliinua mikono palepale akaomba, na mvua ikanyesha. Ijumaa iliyofuata mtu akasimama tena mlangoni, sasa akilalamika kwamba mvua imezidi, na Mtume akainua mikono tena kuomba iwanyeshee wanaowazunguka, isiwe juu yao. Mara nyingine Abu Rifa'a alifika khutba ikiendelea, akasema kwamba yeye ni mgeni aliyekuja kuuliza kuhusu dini yake maana haijui. Mtume akaiacha khutba, akamwendea, akaletewa kiti, akaketi akamfundisha, kisha akarudi kuimalizia khutba yake.

Kuna pia habari ya tatu. Bedui mmoja aliuliza Kiyama kitakuwa lini, Mtume akiwa katikati ya mazungumzo na watu. Safari hii Mtume aliendelea na maneno yake hadi alipomaliza, watu wakadhani pengine hakusikia au hakupendezwa. Alipomaliza akauliza yuko wapi yule aliyeuliza, kisha akamjibu: amana ikipotezwa, ngoja Kiyama. Bedui akauliza amana hupotezwaje. Akaambiwa ni pale jambo linapokabidhiwa asiyelistahili.

Ukiziweka habari hizo tatu pamoja unapata mizani kamili. Mwenye shida isiyongoja alisikilizwa papo hapo. Mgeni asiyejua hata pa kuanzia, khutba ilisimama kwa ajili yake. Mwenye swali linaloweza kungoja, alingojeshwa, lakini hakusahauliwa. Msemaji alijua tofauti ya mahitaji hayo kwa sababu macho yake yalikuwa kwa watu.

Majirani zetu Wakristo wanalo fundisho linalofanana na hili, na nimelisikia likihubiriwa Changamwe zaidi ya mara moja. Katika Matendo ya Mitume, Paulo alihubiri Troa hadi usiku wa manane, na kijana aitwaye Eutiko, aliyekaa dirishani ghorofa ya tatu, akasinzia, akaanguka chini. Wahubiri wengi hulitumia tukio hilo kuwakemea wanaosinzia. Mchungaji mmoja mtu mzima, ambaye kanisa lake hunipa kazi, alilisoma kwa namna nyingine. Aliwaambia watu wake wamtazame Paulo. Aliacha kuhubiri, akateremka ngazi, akamkumbatia kijana yule, na watu wakafarijika kwamba yu hai. Ndipo akapanda tena, akaendelea kuzungumza nao mpaka alfajiri. Nilikuwa nyuma ya miksa nikimsikiliza, na moyoni nikamwona Abu Rifa'a na kiti chake. Msemaji wa kweli huteremka pale mtu mmoja anapoanguka.

Wala tusidhani kwamba urefu peke yake ndio kosa. Katika kitabu cha Nehemia, Ezra alisoma torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri mbele ya Lango la Maji, na watu walisimama wakamsikiliza, wanaume kwa wanawake. Ila habari hiyo inaanza kwa watu wenyewe kumwomba Ezra akilete kitabu. Walewale waliosimama nusu siku ndio waliokuwa wamemwita. Nimeyaona haya kwenye maulidi huku Likoni: watu wanakaa mpaka usiku mkuu na hakuna anayetazama saa, kwa sababu kila mmoja alitoka kwake kwa hiari na anajua amekuja kutafuta nini. Saa tatu za watu waliokuja wenyewe ni nyepesi kuliko nusu saa ya watu waliozuiliwa mlango.

Mlango wenyewe ni swali la adabu, na hakuna mahali linapoonekana wazi kama kwenye feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, kwa hiyo kila alfajiri umati unajaa: vibarua wa bandarini wanaotoka zamu ya usiku, wanafunzi, akina mama na ndoo za samaki, wenye mikokoteni. Feri ikishang'oka, hakuna pa kwenda mpaka ng'ambo. Hapo ndipo mtu husimama akaanza kuhubiri kwa sauti ya juu, mara nyingine na kispika cha begani. Sina shaka na nia yake. Wapo waliobadilika maisha yao kwa neno walilolisikia safarini. Lakini yule kibarua aliyekesha akipakua makontena hakukabidhi masikio yake, yamechukuliwa. Na kwenye chombo cha majini kuna sauti moja tu yenye haki ya kuzipita zote, nayo ni ya mabaharia wanaoongoza watu. Sisi tuliokuwa Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, ilipozama feri ya Mtongwe na watu 272 wakafa, hatuna haja ya kukumbushwa ni kwa nini abiria wanapaswa kuisikia.

Namna ya kufanya ipo, na nimeiona. Yupo mzee mmoja ambaye huanza kwa salamu, akawaomba ruhusa walio karibu naye, akasema maneno yasiyofika dakika tatu, akawaombea safari njema, akanyamaza. Wanaotaka zaidi humfuata wakishashuka, upande wa Likoni, na husimama naye kando ya kituo cha matatu. Ameomba amana kabla ya kuitumia, na ameirudisha ikiwa bado nzima.

Swali hilohilo linahusu spika za usiku, na hapa nasema mimi ambaye ndiye ninayezifunga. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na katika makazi kikomo cha usiku, kuanzia saa mbili, ni desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama desibeli 60. Basi spika moja ya mdomo mpana iliyoelekezwa mtaani imeshapita kikomo hicho kabla msemaji hajamaliza kumshukuru Mungu. Watu huniambia ni neno la dini, halina kikomo. Mimi huwajibu kwa habari ya Mtume alipokuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti. Aliinua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane, wala asiinue mmoja sauti ya kusoma juu ya mwenzake. Ikiwa Qur'ani yenyewe, ndani ya msikiti, miongoni mwa waumini, iliwekewa mpaka kwa ajili ya aliye kando, je, mawaidha yangu na yako yanayoingia dirishani kwa mgonjwa asiye na usingizi yawekewe mpaka gani?

Adhana ni jambo jingine. Ni mwito, ni mfupi, na ukiisha umekwisha. Kadhalika kengele ya Frere Town, pale panapoitwa Kengeleni. Mji ule ulianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele ilipigwa kuwaita watu kwenye ibada na kuwaonya hatari inapokaribia. Sauti inayomfikia kila mtu, hata asiyeiomba, inatakiwa iwe na sababu inayomhusu kila mtu, na iwe fupi. Darsa, mahubiri, hotuba na qasida ni za waliokuja. Ndiyo maana kwenye kazi zangu za usiku nazigeuza spika ziangalie ndani, nazishusha chini kidogo, na natumia nyingi ndogo badala ya mbili kubwa. Waliokaa husikia vizuri zaidi, na jirani hulala.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mwaka 2014 ulitupiga vibaya huku Mombasa. Jumapili ya tarehe 23 Machi, watu wenye bunduki waliingia kanisa la Joy in Jesus kule Likoni wakati wa ibada wakawamiminia risasi waumini. Watu sita waliuawa. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo, Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi akafa, hukohuko Likoni, alfajiri akielekea msikitini. Wale wa Machi waliuawa wakiwa wanasikiliza. Huyu wa Juni alikuwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema, na aliitumia sauti yake kuwaonya vijana dhidi ya siasa kali.

Ninayoyakumbuka ya miaka ile ni minong'ono. Watu walitoka kwenye khutba na mihadhara wakiwa na maswali mazito kuhusu waliyoyasikia, wakayazungumza barazani kwa sauti ya chini, au hawakuyazungumza kabisa. Kimya cha khutba kilivuka mpaka wake. Sheria ya dini ilitaka tunyamaze imamu akiwa juu ya mimbari. Haikusema tubaki kimya baada ya sala kutolewa salamu. Hapo ulimi wa Muislamu uko huru, na kumwendea khatibu kwa heshima ukamuuliza dalili ya alichosema ni wajibu wa aliyekabidhi amana. Yapo mambo mengi yaliyosababisha maafa yale, ya siasa, ya ardhi, ya umaskini na ya dola, nami sidai kwamba maswali yetu yangeyazuia. Nasema tu kwamba msikilizaji asiyeuliza kamwe amemwachia msemaji mzigo ambao nusu yake ni wake.

Mji huu ulikuwa na mwalimu mkubwa wa jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, hakutosheka na darsa. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwasemesha Waislamu wa Mombasa kwa Kiswahili chao juu ya dini, elimu na hali yao. Neno lililoandikwa na kutiwa jina la mwenyewe laweza kupelekwa nyumbani, likasomwa tena kwa utulivu, likapingwa kwa hoja. Mwanachuoni yule aliyapeleka maneno yake mahali ambapo watu wangeweza kuyahoji, na heshima yake haikupungua. Iliongezeka hadi leo.

Mihadhara ya dini mbili, iliyoshamiri pwani tangu miaka ya 1980, ndiyo mtihani mkubwa wa adabu hizi, kwa sababu pale pande zote mbili hutaka kushinda. Mimi nina sharti nisiloliacha nikikodishwa kwa mhadhara: maiki mbili za namna moja, kiwango kimoja, na sigusi miksa mtu akiwa anajibu. Nimewahi kuombwa nimpunguzie sauti mgeni wa upande wa pili. Nikawaambia wazee walioniita kwamba hoja isiyoweza kusimama mpaka ya mwenzake ipunguzwe sauti haifai kusimama. Wazee, Mungu awalipe, walinikubalia. Adabu nyingine ya mhadhara ni kukisoma kitabu cha mwenzako kama ambavyo ungependa chako kisomwe: aya nzima, pamoja na iliyotangulia na iliyofuata, bila kicheko. Umati unaomcheka mgeni akikwama kwenye ukurasa umekwisha kuukimbiza ukweli, hata kama ukweli uko upande wake.

Wenzetu Wamijikenda wana utaratibu ninaoupenda sana. Mzee akitaka kusema mkutanoni huwaita watu kwa neno "Taireni", nao humwitikia "Za Mulungu". Wasipoitika, hana pa kuanzia. Msemaji hutangulia kuomba, wasikilizaji hutangulia kukubali, na jina la Mungu ndilo shahidi kati yao. Masheikh wetu nao huanza kwa kumhimidi Mungu na kuwasalimu watu, na watu huitikia salamu. Tusiyapite maneno hayo kwa haraka kana kwamba ni mlango tu wa hotuba. Pale ndipo amana inapokabidhiwa.

Wapo wasikilizaji ambao kila mara tunawasahau, na siwezi kufunga bila kuwataja. Ni wanawake walio nyuma ya pazia au kwenye chumba cha pembeni. Mara nyingi nikifika kufunga vyombo naambiwa spika kubwa ziwe mbele, na huko kwa akina mama itatosha ile ya zamani inayokwaruza. Kisha msemaji analalamika kwamba wanawake wanapiga soga. Watasikilizaje kitu kisichowafikia? Wanawake wa Madina walimwambia Mtume kwamba wanaume wamewashinda kwake, awawekee siku yao. Akawawekea, akawafundisha. Basi mimi huwapelekea spika safi na maiki ya kuulizia, na maswali yanayotoka kule mara nyingi ndiyo yanayomfanya sheikh afungue kitabu upya. Na mtoto akilia, tusimgeukie mama yake kwa macho makali. Mtume alikuwa akisikia kilio cha mtoto akiwa katika sala, akaifupisha kwa kumhurumia mama. Aliifupisha sala, nguzo ya dini. Sisi hatuwezi kufupisha hotuba ya kumkaribisha mgeni rasmi?

Kwako wewe unayesikiliza: ukiamua kukaa, kaa kweli. Zima simu, usimsemeshe jirani, usitoke ila kwa haja, na usimhukumu msemaji kwa sentensi ya kwanza. Ukiona amekosea, subiri ateremke, mwendee kwa salamu, umuulize faraghani kwanza. Ukiona anachochea damu ya watu, usingoje faragha. Ondoka, na uwaambie wenye msikiti au kanisa ni kwa nini umeondoka.

Na kwako wewe utakayealikwa kusema Ijumaa au Jumapili ijayo, huku Kisauni, Likoni, Changamwe au popote: uliza mapema umepewa dakika ngapi, na utumie pungufu ya hizo. Uliza walio nyuma kama wanasikia. Usiseme juu ya mtu asiyekuwapo kile ambacho usingemwambia akiwa mbele yako. Kisha ukiteremka, usikimbilie gari. Kaa pale mlangoni mpaka mwenye swali la mwisho amalize kuuliza.